Ruta ya Tawi la Mwisho

Kaka yangu ana kebo ya samawati anayoivaa shingoni kama mimi ninavyovaa futi yangu ya kupimia nguo. Kwa sababu hiyo wenzake kazini wanamwita Kebo, na mimi pia nikikasirika humwita hivyo. Nami hukasirika mara nyingi. Mtu anayekaa nyumba moja na mgane wa makamo, fundi wa mitandao, anayeanika soksi kwenye kabati la vyombo, asipokasirika basi yeye ndiye wa kupelekwa hospitali.

Kampuni anayofanyia kazi husafirisha vifurushi. Matawi yake yamejipanga kando ya barabara kuu, kuanzia mjini hadi kule lami inakokata tamaa. Kila tawi ni chumba kimoja chenye kaunta, mizani, rafu za mizigo na karani. Ukutani, ndani ya kisanduku cha chuma, kuna ruta, kile kifaa cha taa ndogo ndogo kinachoiunganisha kompyuta ya tawi na makao makuu. Taa zikiwa za kijani, karani anaandika mzigo na mwenye mzigo anapewa risiti. Zikiwa nyekundu, watu wanapayukiana pale kaunta na simu ya Kaka haipumziki.

Kwa miaka mingi Kaka alizihudumia ruta hizo kwa mkono. Kila mwezi alipanda pikapu ya kampuni, akaenda tawi hadi tawi, akafungua kisanduku, akachomeka ile kebo ya samawati upande mmoja kwenye ruta na upande wa pili kwenye laptopu yake, akaandika amri zake, akasubiri jibu, akafunga. Halafu tawi linalofuata. Alikuwa akirudi na vumbi masikioni na furaha ambayo sikuielewa, kwa sababu mimi nikikaa garini kwa muda mrefu hata salamu sitoi.

Mimi dada yake nilihamia kwake alipofiwa na mke wake. Nilikuja na begi moja, nikae kidogo mpaka apate nguvu. Kisha nikaleta cherehani. Kisha meza ya kukatia nguo. Siku hizi sebule ni yangu, na yeye akitaka kupita kwenda chumbani kwake inabidi ajipinde kati ya vitambaa. Sikuondoka kwa sababu hakupata nguvu. Zamani alikuwa msemaji, akibishana na mke wake mpaka majirani wanachangia hoja dirishani. Baada ya msiba alibakiza maneno matatu: ndiyo, hapana, na chumvi iko wapi. Lakini na ruta alizungumza kutwa nzima, anaandika zinamjibu, anaandika zinamjibu, nami nilikuwa nikizifikiria hizo ruta nasikia wivu wa kweli.

Ndipo vikaanza kuja vifurushi.

Cha kwanza kilikuwa kofia yake. Alikuwa ameisahau kwenye tawi la mwisho kabisa, na karani wa huko akairudisha kwa njia ya kampuni. Ilikuwa kofia kuukuu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa natafuta siku nzuri ya kuitupa. Ilikuja imefungwa kwa karatasi mara tatu, selotepu imenyooka, kamba juu yake imekazwa kwa fundo lenye masikio mawili yaliyolingana, na ubavuni stika inayosema USIBINUE. Mwezi uliofuata alisahau mkoba wa miwani. Mwezi mwingine bisibisi. Kila kimoja kilirudi na masikio yake mawili. Mimi ni fundi cherehani, najua mkono wa mtu anayemaliza kazi ili aende nyumbani na mkono wa mtu asiyetaka kazi iishe.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Karani," akasema. "Wanamwita Mama Mizani."

"Ana mume?"

"Alikuwa naye. Alishafariki." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Anapika chai nzito."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema mezani tangu nihamie. Nikamwongezea mboga.

Sasa, Kaka ana bosi mpya, binti mwenye akili nyingi na mchezo kidogo sana. Huyo bosi alipoona pikapu inazunguka nchi nzima kumpeleka mtu mmoja akaandike maneno machache kwenye kisanduku, alishangaa, na kusema haki hata mimi ningeshangaa. Akamwita Kaka, akamwambia pikapu ameshaiahidi idara inayopeleka mizigo majumbani. Kuanzia sasa ruta zote zitahudumiwa kutoka mezani. Kaka aandike skripti, na ikifanya kazi kwenye jaribio moja, safari basi.

Nilidhani atarudi nyumbani amenywea. Wapi! Alirudi na macho yanang'aa, akasafisha kona ya meza yangu ya kukatia bila ruhusa, akaweka laptopu, akazama. Alikuwa amegundua maktaba.

"Maktaba gani, na wewe gazeti lenyewe husomi?" nikamwambia.

Akanieleza, na siku hiyo alieleza vizuri. Maktaba hiyo si ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na mafundi wengine, watu asiowajua hata kwa sura, walioandika tangu mwanzo jinsi ya kubisha hodi kwenye ruta iliyo mbali, kutoa nywila, kuandika amri, kusubiri jibu na kutoka kwa adabu. Wakaiacha hadharani, mwenye shida achukue. Wewe unaongeza mistari michache tu ya kwako: nenda kwa ruta fulani, mwambie hivi, niletee alichojibu. Hiyo mistari ndiyo skripti. Nikamwambia hata mimi ninazo karatasi za kukatia magauni zilizochorwa na watu nisiowajua. Akafurahi, akasema ndiyo, hasa, ni hivyo hivyo.

Jioni nzima akawa anaandika na kucheka peke yake. Ruta za mbali zilikuwa zinamjibu akiwa amevaa kandambili. Nami nilikuwa napindua ukosi wa shati la mteja, namtazama, nafikiria: huyu mtu anajenga ukuta kati yake na ile chai nzito, tena kwa mikono yake, tena anaimba.

"Kebo," nikamwita.

"Mm."

"Hicho kitu kikikubali, tawi la mwisho utakwenda kufanya nini?"

Vidole vikasimama. Akasema, "Itabidi niweke ulinzi," akaendelea kuandika. Hapo nikamwacha, maana sindano ilikuwa mkononi na ningeweza kumchoma.

Huo ulinzi wenyewe nitaueleza, kwa sababu ndio ulioleta mambo yote. Fundi anayegusa ruta kwa mbali anaweza kujifungia nje. Anaandika amri moja mbaya, ile njia aliyopitia yeye mwenyewe inakatika, na hawezi tena kuingia kurekebisha. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, kila ruta huambiwa kwanza: nakupa mambo mapya, lakini nisipokuja kuthibitisha ndani ya dakika kumi, ujue nimepotea, rudi ulivyokuwa. Kaka akafanya zaidi ya hapo. Skripti yake ilikuwa haithibitishi ruta hata moja mpaka zote ziwe zimejibu. Moja ikikosa kujibu, zote zinarudi zilivyokuwa.

Katika mzunguko wake wa mwisho wa kawaida alimweleza Mama Mizani habari hizo pale kaunta, na aliporudi akanisimulia, akitikisa kichwa kwa heshima.

"Aliniuliza swali zuri sana. Akasema, na watu je, hawana amri kama hiyo? Kwamba mtu anampa mwenzake jambo jipya, halafu anasubiri athibitishiwe, na asipothibitishiwa anarudi alivyokuwa?"

Nikaweka pasi chini. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia haipo kwenye toleo hili."

Jamani. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikalifunga, nikalifungua tena, kwa kukosa tu la kufanya. Mwanamke wa watu amejikaza, amepiga moyo konde, amemsogezea mwanamume jambo hadi puani, na mwanamume anamwambia habari za matoleo.

Jaribio likapangwa Jumamosi alasiri, matawi yakishafungwa, ili kukiharibika kitu kusiharibikie wateja. Bosi alitaka lifanyike kutoka nyumbani kwetu, apate kuthibitisha kwamba mbali ni popote. Kila tawi liliombwa kumwacha mtu mmoja wa kuangalia taa. Makarani wote wakatoa udhuru, huyu ana mgonjwa, yule ana kikao. Aliyekubali kubaki alikuwa mmoja tu, na sina haja ya kusema wa tawi gani.

Basi tukawa sebuleni. Laptopu mezani, pembeni yake gauni la mteja mwenye haraka, simu imewekwa spika, sauti ya bosi inatoka ndani yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Tuko tayari."

"Haya, tuanze."

Kaka akabonyeza. Mstari ukatokea: tawi la kwanza, sawa. Tawi la pili, sawa. Ikawa inashuka hivyo, sawa, sawa, sawa, na mimi nilijikuta nimeacha kushona na ninafuata kwa kidole, kama mtu anayeangalia mpira. Ikafika tawi linalotangulia lile la mwisho: sawa. Kisha tawi la mwisho.

Kimya.

Kaka akasogea karibu na kioo. Kimya. Akatoa kebo shingoni, akairudisha. "Nimelikata," akasema.

"Umelikata vipi?" simu ikauliza.

Akajieleza. Siku hiyo alikuwa anabadilisha anwani ambazo matawi hutumia kupokezana mawasiliano. Tawi la mwisho halina njia yake lenyewe, linapitia kwa jirani yake. Ukimbadilisha jirani kwanza, la mwisho linabaki linaita kwa anwani ya zamani na hakuna wa kulisikia. Kazi hiyo inapaswa kuanzia mwisho na kurudi nyuma.

"Ni kama kupiga deki," akasema. "Mama yetu alitufundisha. Unaanzia kona ya ndani, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mimi nimeanzia mlangoni."

"Lakini unajua haya yote," bosi akasema, na hakuwa mkali, alikuwa anashangaa kweli. "Mbona ukayapanga hivyo?"

Kaka akajibu, "Nimeyapanga kama ninavyosafiri."

Niliinama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka. Nimekula naye tangu utotoni. Siku zote hula wali wote kwanza na kuacha nyama mwisho wa sahani, anaizungushia mkono kama ukuta, na ole wako uiguse. Kichwa chake kilikuwa kimeyapanga matawi vivyo hivyo bila kumtaka ushauri.

"Si kitu," akasema, anajipa moyo. "Hakuna iliyothibitishwa. Zitarudi zilivyokuwa." Akachukua simu yangu, akapiga tawi la mwisho, nayo akaiweka spika.

"Taa zikoje?"

"Nyekundu, Fundi," ikasema sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka.

"Usiguse kitu. Itakaa sawa yenyewe, dakika kumi tu."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Kwa hiyo huji."

"Hakuna haja," akasema ndugu yangu, kwa fahari ya fundi ambaye ulinzi wake umefanya kazi.

"Haya," Mama Mizani akasema, akakata.

Tukasubiri. Nikapiga pasi gauni ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Dakika kumi zilipotimia, matawi yakaanza kurudi moja baada ya jingine, kila moja na anwani yake ya zamani, na bosi akasema safi sana. Yakarudi yote. La mwisho likabaki kimya.

Kaka akapiga tena. "Sasa taa zikoje?"

"Hakuna taa."

"Nyekundu hakuna?"

"Nyekundu hakuna, kijani hakuna. Giza."

"Adapta imeungua!" akaruka. "Umeme wake umekufa. Kwa nini leo, kati ya siku zote?"

Mimi nilikuwa nimesikiliza ile sauti kwa makini. Haikuwa sauti ya mtu aliyeharibikiwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayejibu alichoulizwa na si zaidi.

Bosi akavuta pumzi. "Nenda na pikapu, Fundi, Jumatatu lazima wafungue. Lakini tuelewane, hii ndiyo safari ya mwisho."

"Na mimi naenda," nikasema.

Kaka akanigeukia. "Kufanya nini?"

"Kushika adapta."

Barabarani alizungumzia adapta, zinavyotengenezwa siku hizi, zinavyokufa upesi. Nilikuwa na adapta mpya ya akiba mapajani, ndani ya boksi lake. Tulipolipita tawi la tatu au la nne nikaona imetosha.

"Umemwambia kwamba skripti ikikubali hutakwenda tena?"

"Anajua. Waraka ulifika kila tawi."

"Sikuuliza kama anajua. Nimeuliza kama umemwambia."

Akaendesha. Nilidhani ndiyo imetoka hiyo, atarudi kwenye adapta. Kisha akasema, macho yakiwa barabarani, "Naogopa, mdogo wangu."

"Unaogopa nini?"

"Ruta ikikosea ina pa kurudi. Mimi nikisema halafu akakataa, sina pa kurudi. Siwezi tena kukaa pale kaunta ninywe chai kama sijasema."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akitamka neno kuhusu moyo wake. Nikamuuliza kwa upole ambao sikujua ninao, "Na hapo ulipo sasa, unapapenda?"

Lami ikaisha, pikapu ikaanza kurukaruka, nikalishika boksi kwa mikono miwili.

Tawi la mwisho lilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na harufu ya gundi na maboksi mapya, rafu zimepangwa kwa ukubwa wa mizigo, kaunta imefutwa. Nyuma yake alisimama mwanamke mnene kiasi, miwani yake imeunganishwa kwa kamba ya vifurushi, na ubavuni ile mizani kubwa ya bamba la chuma. Akanipokea vizuri, karibu dada, pole na safari, akanipa kiti kabla ya kumpa Kaka. Nikampenda hapo hapo, lakini nikakunja uso kidogo ili dada wa mwanamume asidharaulike.

Kaka alikuwa ameshafika kwenye kisanduku. Akafungua, akaangalia ruta, akafuata waya wake kwa mkono hadi chini, karibu na soketi. Huko akasimama.

Adapta haikuwa imeungua. Ilikuwa imechomolewa. Waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri kabisa, mkunjo juu ya mkunjo, na katikati umefungwa kwa kamba, fundo lenye masikio mawili yaliyolingana.

Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Ndugu yangu akauinua ule waya, akautazama, akasema, "Nadhani plagi ililegea."

"Haikulegea," Mama Mizani akasema. "Nimeichomoa mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema itakaa sawa yenyewe."

Nilitamani niwe rafu. Kaka akabaki na waya mkononi, na yule mama akamimina chai kwenye kikombe, nzito kweli, akakiweka kwenye kaunta upande wa Kaka.

"Ile amri yako ya dakika kumi, Fundi," akasema. "Uliniambia watu hawana."

"Nilisema haipo kwenye toleo hili," Kaka akanong'ona.

"Basi mimi nimeiweka. Chai hiyo hapo. Ikipoa na hujasema kitu, narudi nilivyokuwa kabla hujaanza kuja hapa. Nitakuwa karani, na wewe utakuwa fundi. Sitakulaumu na sitakukumbusha. Lakini kofia zako utakuwa unazitunza mwenyewe."

Sauti yake ilianza imara, na hapo kwenye kofia ikatetemeka kidogo, nikajua kwamba hakuwa anacheza. Akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kupanga stika ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mvuke ukawa unapanda kutoka kwenye kikombe. Kaka akaichomeka plagi, kwa mazoea tu nadhani, na taa zikawaka moja moja mpaka kijani. Akafunga kisanduku. Akakifungua. Akakifunga. Nilikuwa namtazama yeye, natazama kikombe, na mvuke ulikuwa unapungua. Niliona nyumba yetu, sebule ya vitambaa, yeye anapita amejipinda, ndiyo, hapana, chumvi iko wapi, mpaka uzeeni. Sikuweza. Nikainuka, nikachukua kisahani, nikakifunika kikombe.

Mama Mizani akanitazama juu ya miwani. "Dada, huo ni wizi."

"Kuna upepo," nikasema. "Inzi pia."

Labda ilikuwa hiyo. Labda Kaka aliona aibu kutetewa na kisahani. Akaitoa kebo shingoni, akaiweka kwenye kaunta, na bila hiyo kebo shingo yake ilionekana nyembamba.

"Ruta ya hapa," akasema, "haijawahi kuharibika."

"Najua," Mama Mizani akasema. "Ninayekaa nayo ni mimi."

"Kila mwezi nilikuwa naifungua, naiangalia, naifunga."

"Na kuifuta vumbi. Hata hilo vumbi nilikuwa nimeshalifuta."

"Nilikuwa nakuja kwa ajili yako." Akameza mate. "Nilikuwa nalala usiku wa kuamkia safari nikiwa na furaha, halafu naona haya kwa sababu ya marehemu, halafu nafurahi tena. Nyumbani kwangu kumekuwa kimya muda mrefu. Dada yangu huyu ni shahidi, ingawa yeye mwenyewe ana kelele. Nakupenda, na sitaki kuja hapa kwa sababu ya ruta tena. Nataka kuja hapa."

Mimi nilikuwa nimeishika ile adapta mpya kifuani kwa nguvu kiasi kwamba boksi lake liliingia ndani. Mama Mizani akanyoosha mkono, akaondoa kisahani, akagusa ubavu wa kikombe kwa migongo ya vidole vyake.

"Bado ya moto," akasema. Halafu akavua miwani, akajifuta macho kwa kiwiko, akaivaa tena. "Kunywa basi, kabla huyu dada yako hajaiwashia jiko."

Akanywa. Akaunguza ulimi, akaendelea kunywa.

Bosi akapiga simu. Kaka akamwambia ruta imewaka, na kwamba anaomba arudie jaribio hapo hapo. Kaunta ilikuwa imejaa stika na kamba, kwa hiyo laptopu ikawekwa juu ya mizani, na kioo cha mizani kikaandika uzito wake bila kuombwa. Kaka akageuza ule mpangilio. Safari hii skripti ikaanzia tawi la mwisho na kurudi nyuma kuelekea mjini, na jibu la kwanza likatoka ukutani pale pale nyuma yetu: sawa. Kisha jirani yake, sawa. Kisha wengine wote, hadi mlangoni. Bosi akapiga makofi kwenye simu.

Ikabaki kuthibitisha. Kaka akaigeuza laptopu upande wa Mama Mizani.

"Bonyeza wewe."

Yule mama akakitazama kitufe. "Nikibonyeza, hutakuja tena na pikapu."

"Sitakuja na pikapu," Kaka akasema.

Akajipangusa gundi kidoleni kwa sketi yake, akabonyeza.

Pikapu ikarudishwa Jumatatu. Katikati ya wiki mlango wetu ukabishwa hodi, na nikapokea kifurushi chenye fundo la masikio mawili na stika ya USIBINUE. Ndani ilikuwa futi yangu, imeviringwa vizuri. Nilikuwa nimeiacha kwenye ile kaunta, na watu wanaonijua wanajua kwamba sisahau vitu. Mahali pa jina la mpokeaji palikuwa pameandikwa Wifi.

Jumamosi Kaka aliamka mapema, akajipigia pasi shati mwenyewe, akauunguza ukosi. Nikamvua, nikamkatia ukosi mwingine na kumshonea huku akihesabu basi litaondoka saa ngapi na kunilalamikia kwamba nachelewesha, na tukabishana, na jirani akachangia hoja dirishani. Alipoondoka nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo sikuizoea, kwa maana safari hii kimya kilikuwa changu. Nikaenda chumbani kwake kuokota soksi. Kwenye msumari nyuma ya mlango ile kebo ya samawati ilikuwa inaning'inia, hakuichukua. Nikacheka peke yangu, nikalia kidogo, kisha nikarudi kwenye cherehani, maana yule mteja wa gauni alikuwa amesimama mlangoni.